Mashine Inaandika, Nukta Ni Yako
Hotuba kwa makatibu muhtasi kuhusu kuandika kwa sauti kwenye kompyuta

Ndugu Mgeni Rasmi, viongozi wa meza kuu, makatibu muhtasi wenzangu, na nyinyi vijana wa chuo mliowahi viti vya karibu na feni: itifaki imezingatiwa.

Nimepewa mada inayosomeka "Teknolojia na Kada ya Uhazili". Ni pana mno, na chakula cha mchana kinanukia tayari, kwa hiyo nimeipunguza bila kuomba ruhusa. Nitazungumzia jambo moja: kuiamuru kompyuta kwa sauti ili iandike unachosema. Nimelichagua kwa sababu kila nikikutana nanyi kwenye korido za wizara na halmashauri mnaniuliza swali lile lile: "Mama, hii mashine inayojiandikia yenyewe, sisi itatuachia nini?" Jibu nalitoa mapema, asije mtu akasinzia kabla halijafika. Itapokea sehemu kubwa ya kazi ya vidole. Kazi ya kuamua sentensi inaishia wapi, nani amesema nini, na kipi kisiandikwe kabisa, bado iko mezani kwetu, na kwa Kiswahili iko mezani kwetu zaidi kuliko kwa Kiingereza. Nitawaonesha kwa nini.

Sisi ni watu wa imla. Wenzangu wa enzi za taipureta, waliopita Chuo cha Uhazili Tabora, wanakumbuka: bosi anatembea kutoka dirishani hadi mlangoni akisema, wewe umeinamia daftari la hati mkato, yale maandishi ya alama za haraka ya kumfuata msemaji. Mpaka leo tangazo la ajira serikalini linadai hati mkato ya Kiswahili na Kiingereza, maneno 100 kwa dakika. Lakini tuwe wakweli, bosi gani aliwahi kukutajia nukta? Bosi alisema, "Mwandikie yule bwana, mwambie suala lake tumelipokea, tunalifanyia kazi, malizia vizuri." Wewe ukatoka na barua yenye kumbukumbu namba, yenye "Yah:" iliyopigiwa mstari, aya tatu zilizonyooka, na "Nakutakia kazi njema" pale chini. Bosi akaisoma, akatia saini, akaamini kabisa kwamba hiyo ndiyo barua aliyoisema. Hakuisema. Uliitunga wewe kutokana na alichosema.

Lishikeni hilo, maana mashine haifanyi hivyo. Mashine inaandika ulichosema.

Mgala muue na haki yake mpe, imetoka mbali. Mwaka 1952 maabara za Bell kule Marekani zilitengeneza mtambo ulioitwa Audrey. Ulitambua tarakimu tu, sifuri hadi tisa, tena kwa sauti ya msemaji uliyemzoea; ukimletea mwingine unababaika. Miaka kumi baadaye, kwenye maonesho ya dunia ya Seattle, IBM ilionesha kisanduku kilichofahamu maneno 16. Watu wakashangilia. Maneno 16 hayatoshi hata kuomba likizo.

Mageuzi yalikuja pale IBM ilipoacha kuihangaisha mashine na sarufi. Frederick Jelinek na wenzake, kuanzia miaka ya 1970, waliipa sauti nyingi na maandishi mengi, wakaiachia ipige hesabu: baada ya neno hili, neno lipi lina uwezekano mkubwa wa kufuata? Katikati ya miaka ya 1980 mtambo wao ulikuwa na msamiati wa maneno 20,000, na waliuita Tangora. Hapa mnisikilize vizuri, maana hili ni letu. Albert Tangora alikuwa mpiga chapa. Mwaka 1923 alipiga taipureta saa nzima kwa wastani wa maneno 147 kwa dakika. Wahandisi waliokuwa wakitafuta namna ya kumwondoa mtu kwenye kibodi wakaipa mashine yao jina la mwenzetu. Mimi naliona ni heshima. Mwenzangu mmoja aliyekaa mstari wa pili hapa anasema ni dharau. Tumebishana sana, hatujaafikiana.

Halafu wakaja James na Janet Baker, mume na mke, walioanzisha kampuni ya Dragon Systems mwaka 1982. Programu waliyotoa mwaka 1990 iliuzwa dola 9,000, na ili ikuelewe ulipaswa kunyamaza kidogo. Baada. Ya. Kila. Neno. Mwaka 1997 wakatoa nyingine ambayo uliweza kuongea mfululizo, kiasi cha maneno 100 kwa dakika. Mia moja, kiwango kile kile cha tangazo la ajira! Kama ingekuwa inajua Kiswahili ingeitwa kwenye usaili.

Haikujua. Na sababu inaingia moja kwa moja kwenye kazi yetu. Mashine za zamani zilibeba orodha ya maneno. Neno lisilo kwenye orodha halikusikika. Kwa Kiingereza, maneno 20,000 yanakufikisha mbali. Kwetu sisi chukua kitenzi kimoja tu, "andika": niliandika, hatukuandika, atakayekuandikia, wasipoandikiana, tulichoandikishwa. Kabla hujafika kitenzi cha pili orodha imejaa. Mashine za leo zimetoka kwenye utaratibu huo. Zinashughulika na vipande vidogo vya sauti na vya maneno, na ndiyo maana Kiswahili kimewezekana.

Sasa nije kwenye neno "amri", maana hapo ndipo wengi wanakwama. Kuandika kwa sauti kuna mambo mawili ndani yake. Kuna kusema maneno ili yaandikwe, na kuna kuamuru: futa hilo, rudi nyuma, anza aya mpya, koza kichwa cha habari. Mashine inapaswa kujua lini unasema na lini unaamuru, na hiyo ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana. Julai mwaka 2006 Microsoft walikuwa wakionesha hadharani uwezo wa Windows Vista wa kuandika kwa sauti. Mwoneshaji akaanza barua kwa mama yake. Mashine ikaandika "shangazi". Akaiamuru irekebishe, yenyewe ikaiandika amri. Akaiamuru ifute, ikaandika na hiyo. Akaiamuru ichague maandishi yote, nayo ikaingia kwenye barua. Kadiri alivyojitahidi kujiokoa ndivyo barua ilivyorefuka, na ukumbi ukacheka. Baadaye ilielezwa kwamba tatizo lilikuwa kwenye kiwango cha sauti iliyoingia kutoka kwenye kipaza sauti. Kitu kidogo hivyo, mbele ya kamera.

Kwa hiyo kabla ya programu, angalieni kipaza sauti. Kile kilichofichwa juu ya kioo cha kompyuta ya mapajani kinasikia kila kitu: feni, pikipiki nje, mhudumu anayesogeza kiti. Ofisi zetu ni za milango wazi. Uko katikati ya sentensi, mtu anabisha hodi, unajibu "karibu, keti, mkubwa yuko kwenye kikao", na maneno yote hayo yanakaa katikati ya barua ya Mkurugenzi. Nunua kipaza sauti cha kuvaa kichwani, chenye mkono unaofika karibu na mdomo, na ujifunze kukizima kabla hujasema "karibu".

Kiswahili kiliingia kwenye huduma ya Google ya kuandika kwa sauti Agosti 2017, pamoja na Kiamhari na lugha nyingine nyingi. Walikusanya sauti za wenyeji wa lugha wakisoma semi za kawaida, wakaifundisha mashine kwa hizo. Kwenye kompyuta ni rahisi. Fungua waraka wa Google Docs kwa kivinjari cha Chrome, bonyeza Ctrl, Shift na S kwa pamoja, kitatokea kipaza sauti pembeni. Chagua Kiswahili, cha Tanzania au cha Kenya, kibofye kigeuke chekundu, uanze kusema. Hapo utashangaa, nami nilishangaa. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo mashine haihangaiki na tahajia kama inavyohangaika na Kiingereza. Majina ya vijiji na ya ukoo huyakoroga, lakini maneno ya kawaida ya ofisini inayapata vizuri sana.

Kisha unatazama kioo. Nimeleta mfano, someni pale ukutani. Ni mistari ya muhtasari wa kikao cha kubuni, kama inavyoweza kutoka kwenye mashine:

"mwenyekiti alifungua kikao saa tatu asubuhi nakuwashukuru wajumbe kwa kufika kwa wakati mhasibu hakuwepo mwenyekiti aliagiza aandikiwe barua katibu alisema hata kuja kikao kijacho pasipo taarifa ya fedha"

Mnacheka nini? Someni taratibu. Nani ameandikiwa barua? "Aandikiwe barua katibu." Mhasibu ndiye aliyekosekana, lakini barua ya onyo imemwendea katibu! Kilichosemwa kilikuwa hiki:

"Mwenyekiti alifungua kikao saa tatu asubuhi na kuwashukuru wajumbe kwa kufika kwa wakati. Mhasibu hakuwepo. Mwenyekiti aliagiza aandikiwe barua. Katibu alisema hatakuja kikao kijacho pasipo taarifa ya fedha."

Maneno ni yale yale. Tofauti ni nukta, herufi kubwa, na nafasi kati ya maneno. Tuanze na nafasi. "Nakuwashukuru" ni neno ambalo halipo, na "hata kuja" si "hatakuja". Sikio halisikii nafasi. Unaposema haraka "na kuomba" na "nakuomba" ni sauti moja. Mtu anaamua kwa kuelewa maana. Mashine inaamua kwa kufuata yale iliyoyaona yakiandikwa mara nyingi, na mara nyingi yameandikwa na nani? Na sisi, kwenye simu, usiku, kwa haraka. Tunaandika "nakusema", "ata kuja", "kwasababu", halafu tunailaumu mashine kwa kutuiga.

Kuhusu nukta, jambo hili wengi hawalijui na linawapotezea muda. Ukiandika kwa Kiingereza unataja alama kwa jina na mashine inaiweka. Google wenyewe wanaeleza kwamba utajaji wa alama unafanya kazi kwa lugha chache: Kiingereza, Kijerumani, Kihispania, Kifaransa, Kiitaliano na Kirusi. Amri kamili, zile za kuchagua aya, kukoza, kupanga jedwali, ni za Kiingereza peke yake. Kwa Kiswahili ukisema "nukta", inakuandikia "nukta". Haikukosea, umesema nukta imeandika nukta.

Ziko njia mbili za kuishi na hali hiyo. Ya kwanza naipenda zaidi: sema kwa mdomo, weka alama kwa mkono. Huhitaji kuzima kipaza sauti ndipo uguse kibodi. Sema sentensi, piga nukta kwa kidole, sema inayofuata. Mwisho wa aya piga Enter. Siku za mwanzo utajihisi mzito, kisha vidole vinazoea kama vilivyozoea kurudisha gari la taipureta. Faida yake kubwa ni kwamba unalazimika kufikiri kwa sentensi. Ukiwa huna nukta mkononi unaanza kuongea kama mtu aliyepewa maiki harusini.

Njia ya pili ni ya wale ambao mikono haiwezi, au wanaotembea huku wakisema. Taja alama kwa Kiswahili kama mwalimu wa imla alivyofanya darasani: "nukta", "mkato". Zote zitaandikwa kama maneno. Ukimaliza, fungua kisanduku cha kutafuta na kubadilisha kwa Ctrl na H, badilisha kila "nukta" iwe alama yenyewe, na hivyo hivyo kwa nyingine. Muhtasari mzima unapata alama kwa dakika chache. Herufi kubwa utazirekebisha unapopitia. Ila muwe na tahadhari: mtu aandike ripoti ya mafunzo ya hati mkato kwa njia hiyo, aone itakavyotoka.

Tarakimu na tarehe zisomeni mara mbili. Mashine inaweza kuandika "laki tatu na nusu" kwa maneno ulipotaka 350,000. Saa nazo zina mtego: ukisema "saa mbili" na mtu mwingine akaigeuza kwenye ratiba ya kompyuta bila kufikiri, mgeni wa kikao cha saa 2:00 asubuhi anakutwa amepangiwa usiku wa manane. Kwenye hati ya malipo msiiamini mashine hata kidogo. Andikeni kwa mkono.

Sasa naomba nipunguze utani.

Tunapozungumzia amri za sauti tunazungumza kama watu wanaotafuta wepesi. Wapo wenzetu ambao kwao huu ndio mlango pekee wa kuingia ofisini. Mtu aliyepata kiharusi, aliyepoteza mkono, mwenye ganzi ya vidole na maumivu ya vifundo baada ya miaka ya kuchapa, na humu ukumbini mpo, nawaona mnavyojinyoosha viganja. Kompyuta za leo zina uwezo wa kuendeshwa bila kuguswa kabisa. Apple waliuweka kwenye kompyuta za Mac mwaka 2019. Windows 11 nayo inao. Unaiambia ioneshe namba, kila kitufe kwenye kioo kinapata namba yake, unataja namba, kitufe kinabofywa. Pasipo na kitufe unaomba kioo kigawanywe kwa miraba, unataja mraba, unaingia ndani yake mpaka ufike unapotaka. Ni kazi ya subira, lakini mtu anaandika barua, anaituma na anafunga ofisi bila kugusa kitu.

Lakini ni kwa Kiingereza na lugha nyingine chache, si kwa Kiswahili. Mtanzania mwenye ulemavu wa mikono anaweza kusema barua yake kwa Kiswahili, lakini kuifungua, kuihifadhi na kuituma anapaswa kuamuru kwa Kiingereza, tena kwa lafudhi ambayo mashine inaikubali. Serikali yetu inaandikiana kwa Kiswahili, halafu mtumishi wake asiye na mikono anaambiwa ajifunze Kiingereza ndipo aweze kubofya. Mimi hili linanikera, na nalisema mbele ya Mgeni Rasmi kwa makusudi, kwa sababu wanaonunua kompyuta za serikali wana sauti mbele ya kampuni zinazoziuza. Masharti ya zabuni yanaweza kuuliza swali hilo.

Na sisi tuna la kufanya. Mashine inajua sauti ilizolishwa. Whisper, programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi iliyotolewa na kampuni ya OpenAI mwaka 2022, ilifunzwa kwa saa 680,000 za sauti. Takribani theluthi mbili ni Kiingereza, na Kiswahili kimo kwa sehemu ndogo mno. Mradi wa Common Voice wa Mozilla unakusanya sauti kwa hiari, na Kiswahili kimo. Unasoma sentensi inayotokea kwenye kioo, watu wengine wanaisikiliza na kupiga kura kama umesoma sawasawa. Ikipata kura mbili za ndiyo, inaingia kwenye hazina ambayo mtu yeyote anaweza kuitumia bure. Humu ndani tuna lafudhi ya Unguja, ya Mwanza, ya Moshi, ya Newala, ya Bukoba. Tuna akina mama wa makamo, ambao mashine nyingi zinasikia sauti zao kwa nadra. Na nani amezoea kusoma maandishi kwa sauti, wazi, bila kumeza silabi, kuliko katibu muhtasi? Dakika chache za mapumziko zinatosha.

Lipo jambo moja zito, nalo nalisema kama mtu aliyeapa kiapo cha kutunza siri. Unaposema kwenye kivinjari, sauti yako haiishii kwenye kompyuta yako. Inasafiri kwa intaneti hadi kwenye kompyuta za kampuni, inageuzwa maandishi huko, ndipo inarudi. Barua ya kualika wadau kwenye kikao cha usafi, sawa. Jalada la siri, hapana. Shauri la nidhamu la mtumishi, hapana. Taarifa ya hospitali ya mtu, hapana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inafanya kazi tangu Mei 2023, na haijasamehe ofisi ya katibu. Zipo programu zinazofanya kazi ndani ya kompyuta bila intaneti, Whisper ikiwa mojawapo, na watu wa Tehama wanaweza kukuwekea ukiwaomba kwa maandishi. Mpaka wafanye hivyo, cha siri kichapwe kwa vidole. Na hata ikiwa kwenye kompyuta yako pekee, kumbuka kwamba imla inasemwa kwa sauti. Watu waliokaa kwenye benchi nje ya mlango wako wana masikio.

Naona mshehereshaji anaangalia saa, kwa hiyo nimalizie na ratiba. Baada ya chakula kuna kompyuta nne kwenye chumba cha kushoto, zenye vipaza sauti vya kuvaa. Kila mmoja aje na barua moja ya kawaida kutoka ofisini kwake, isiyo ya jalada. Utaisema, utaiwekea nukta, kisha utampa mwenzako wa pembeni aisome bila wewe kumweleza kitu. Akiuliza "hapa aliyeandikiwa ni nani?", unarudi kwenye foleni. Vijana wa chuo mtatangulia, maana basi lenu linaondoka saa kumi.

Asanteni kwa kunisikiliza.